Pamba Upande wa Kulia

9 Januari

Wifi yangu Twiga,

Nakusalimu mimi, na cherehani yangu nayo inakusalimu, ingawa tangu mhame inakohoa kama mzee mwenye kifua. Mimi mzima kwa neema za Mungu. Magoti ndiyo yanalalamika, lakini nimeyazoea kama wapangaji wasiotaka kuhama.

Najua utasema, "Sindano, si ungepiga simu?" Nipige ipi? Simu yenu anaipokea kaka, binti yenu anamnyang'anya, mpaka ikufikie wewe nimeshasahau nilichotaka kusema. Tena yapo maneno ya wanawake ambayo hayapiti hewani. Barua zangu nitakuwa nazikunja ndani ya kifurushi cha nguo, nampa kondakta wa basi. Mwanamume akishaona kitambaa na uzi hafungui.

Sasa sikia. Nimeambiwa binti anahitimu ualimu mwezi wa sita. Na nimeambiwa umeshanunua kitambaa cha samawati, na kwamba huko mtaani kwenu kuna fundi. Wifi, thubutu! Nimekushonea miaka ishirini na mitatu, tangu kaka yangu alipokuleta nyumbani na hiyo shingo yako, mama akasema, "Huyu kola yake itakula kitambaa cha watu wawili." Leo umpe mwili wako mtu asiyejua hata bega lako lipi limeshuka? Kosa nililokukosea miaka yote hiyo ni moja tu, ile pini iliyokuchoma kwenye gauni la zambarau mwaka juzi, na hata hiyo uliilipiza kwa kelele, jirani akaja mbio na ufagio akidhani ni nyoka.

Nimekuwekea tepu ya kupimia humu. Jipime mbele ya kioo, upande kwa upande, kama nilivyokufundisha. Niletee vipimo na kitambaa.

Nakuombea kila asubuhi. Nami niombee magoti.

Wifi yako,
Sindano


28 Januari

Sindano wangu,

Kitambaa hicho. Ukikiharibu, usirudi nyumbani kwa kaka yako.

Hatujambo. Karakana mpya imempokea kaka yako vizuri, anachomelea mageti kutwa, jioni anarudi ananuka chuma. Mimi nimepata kazi ya kufua mashuka hospitalini. Chumba chetu kiko nyuma, kina mashine mbili, moja inafanya kazi na ya pili inatuangalia. Damu, dawa, matapishi, vyote vinapita mikononi mwangu asubuhi, na mchana vinaning'inia kambani vyeupe pepepe. Mkubwa wangu ananiita Daktari wa Madoa. Anasema hakuna doa lililowahi kunishinda. Namwambia ni mafunzo ya kuishi na mchomelea vyuma.

Haya vipimo. Kiuno thelathini na nne. Nyonga arobaini na tatu. Urefu unaujua, sijaota mguu mwingine. Kutoka bega mpaka ncha ya titi: kulia inchi kumi, kushoto kumi na moja na robo. Kifua chote arobaini na moja. Usinicheke. Nimenenepa, na unene wangu una upendeleo. Upande wa kushoto nilegezee kidogo.

Twiga


19 Februari

Wifi,

Kitambaa kimefika, kizuri, nilikinusa kabla ya kukipima. Lakini sijakikata. Kuna jambo, na nitaanzia mbali kidogo.

Nesi wa zahanati alikuja dukani kwangu akafunga mlango. Nikadhani ana siri ya mimba. Akasema, "Mama, nishonee matiti." Nikamwambia, mwanangu, uliyopewa na Mungu yana kasoro gani? Kumbe anataka ya kitambaa, ya kufundishia, sita: matatu yasiyo na kitu, matatu yenye kitu ndani. Nikayashona kwa kitambaa laini cha fulana, nikajaza pamba. Moja nikalifukia punje ya choroko, la pili kunde, la tatu kijiwe chenye kona. Siku ya kikundi chetu cha sala akayaleta, akina mama wakafumba macho wakaminya. Muuza mkaa akashika moja akasema, "Hili langu kabisa, limechoka vivi hivi!" Tulicheka mpaka mwenyekiti akatukumbusha tuko mbele za Mungu.

Lakini Twiga, choroko hakuna aliyeipata. Kunde waliipata watatu. Kijiwe walikipata wote. Nesi akatutazama akasema, "Mnaona? Mkisubiri kiwe kijiwe, kila mtu atakipata. Mimi nataka mpate choroko."

Alisema saratani ya titi mwanzoni mara nyingi haiumi, ndiyo maana mtu anaweza kulala nayo mwaka mzima bila kugombana nayo. Kila mwezi, siku chache baada ya hedhi, tujikague, na sisi tuliokwisha kukauka tuchague tarehe tusiyoisahau. Kwanza kioo, mikono juu: kama titi moja limebadilika ukubwa, kama ngozi imebonyea au imekuwa kama ganda la chungwa, kama chuchu imezama au inatoa maji. Halafu vidole, mpaka kwapani. Vimbe nyingi si saratani, alisema, ila vidole havijui tofauti. Hospitali ndiyo inajua.

Sasa nimekaa na kipimo chako. Inchi moja na robo, wifi. Unene hauna upendeleo. Umejigusa? Nijibu kama unamjibu Mungu.

Sindano


8 Machi

Sindano,

Nimecheka matiti yako ya fulana mpaka mwenzangu akaniuliza nina nini. Nikamsomea. Ameagiza mawili.

Usihangaike. Nilipima vibaya. Tepu ilijikunja mgongoni, na nilikuwa peke yangu mbele ya kile kioo cha kunyolea cha kaka yako, kinachoonyesha jicho moja moja. Nimerudia. Kulia kumi, kushoto kumi. Kifua arobaini. Andika hivyo, kata.

Na chumba cha kuwapima wanawake kiko hapa hapa, mlango wa tatu kutoka kwenye mashine zangu. Kila siku nakwenda kuchukua mashuka yake. Ningekuwa na kitu, si ningeingia tu? Mungu ananilinda, na wewe unaniombea. Tumwachie.

Twiga


5 Aprili

Wifi,

Gauni hilo. Nimeshona kama ulivyoandika, kumi na kumi. Fundi hushona alichoambiwa. Nimeacha ukingo mpana ndani, ikiwa utahitaji. Likikukataa usigombane nalo, lirudishe.

Leo sina maneno mengi. Nimekuombea kuliko siku zote.

Sindano


22 Aprili

Sindano,

Gauni limenikaa kama nimezaliwa nalo! Kaka yako aliliangalia akasahau chai. Tatizo ni zipu tu, imekufa. Zipu za siku hizi kama za karatasi. Nakurudishia ubadilishe zipu. Kwingine usiguse, kuko sawa.

Twiga


30 Aprili

Twiga,

Zipu hii haikufa. Imeuawa. Meno yameng'oka kwa kuvutwa.

Nimeligeuza gauni ndani nje. Mshono wa kushoto chini ya kwapa umefumuliwa, ukashonwa tena kwa mkono, kwa uzi mweupe, hatua ndefu ndefu. Hizo ni hatua zako. Ni mimi niliyekufundisha kushona, na nilikugombeza kwa hatua hizo hizo. Umetoa ukingo wote nilioacha na bado haukutosha.

Halafu kuna doa. Kwenye bitana, upande wa kushoto, rangi ya chai, dogo kama kifungo. Limefuliwa, likafuliwa tena, mpaka kitambaa kimepauka pembeni yake. Daktari wa Madoa, wewe unayetoa damu ya wazazi kwenye mashuka, hili limekushindaje?

Sikulaumu. Sina mdomo wa kukulaumu, na sababu yake ndiyo nimekuwa nikitaka kukuandikia tangu Februari nikashindwa.

Mwaka jana, nilipokupima sare ya kikundi, niliona. Kushoto kulikuwa kumekua. Tepu iliniambia, na mkono ukaniambia zaidi, maana palikuwa pagumu. Nikanyamaza. Nikasema moyoni, mwenye mwili ndiye ajuaye, nisimwaibishe. Nikafanya ninachomfanyia kila mteja mwenye bega lililoshuka au nyonga zisizolingana: nikaweka pamba upande wa kulia, ndani ya bitana, pande zikalingana. Ulisimama mbele ya kikundi umenyooka kama mshumaa. Watu wakausifu mkono wangu, nami nikazipokea sifa.

Kazi yangu ni kuficha kasoro za watu, wifi. Ile niliificha vizuri kuliko zote.

Nisamehe. Na kesho asubuhi, ingia mlango wa tatu.

Sindano


11 Mei

Sindano,

Barua yako nimeisomea chooni kazini, ndipo penye komeo.

Pamba nilijua. Nilipovua ile sare niliibinya, nikakuta ulaini kulia. Nikakaa nayo kitandani. Nikakumbuka ulivyonipima, pini mdomoni, unaimba puani, na uso wako haukushtuka. Nikasema, huyu anaujua mwili wangu miaka yote hii, ameona na hakushtuka, basi si kitu. Nilimshukuru Mungu kwa kile kimya chako.

Siku hizo kilikuwa kama kunde. Leo akina mama wenu wangekipata hata bila kuminya.

Sasa sikiliza la kwangu. Nilianza kukisikia miezi mitatu baada ya gauni la zambarau. Palepale, wifi. Palepale ilipoingia pini yako. Nilikuwa na hakika pini ndiyo iliyokileta, kwamba iliacha kutu ndani. Ningesemaje? Ningekwenda hospitali wangeuliza ilianzaje, na kaka yako yuko pembeni anasikiliza, nimwambie dada yako ndiye aliyenichoma? Unaijua hasira yake. Na mjomba wenu hajasema naye mwaka wa tisa huu, kisa baiskeli tu. Nikaona heri mimi nikae na uvimbe kuliko nyinyi mkae na ugomvi.

Nitaingia, nakuahidi. Lakini tumalize mahafali kwanza, tarehe ishirini Juni. Nikiingia leo, kabla ya chakula cha mchana hospitali nzima imejua, shuka la kile kitanda nalifua mimi. Mwache binti avae joho lake, mama yake akiwa mama tu, si mgonjwa.

Nirudishie gauni.

Twiga


14 Mei

Twiga,

Gauni silirudishi. Nimelifungia kabatini na ufunguo nimeuvaa shingoni. Utalipata siku nitakapoona karatasi yenye muhuri wa hospitali.

Nimemweleza nesi habari ya pini bila kukutaja. Alinitazama kwa huruma. "Mama, pini inaleta tone la damu, ikizidi inaleta usaha. Saratani hailetwi na pini." Anasema huenda kile kidonda ndicho kilichokufanya uwe unapagusa, ndipo ukakuta kilichokuwepo. Yaani Mungu alitunyooshea kidole tuone mahali, sisi tukabaki tunatazama ukucha.

Mwezi wa sita siutaki. Alhamisi niko kwenye basi la kwanza. Kama unaona haya kuingia mlango ule, nitatangulia mimi, waseme mgonjwa ni mimi. Na uji uwe tayari, mimi na njaa hatupatani.

Sindano


6 Julai

Sindano,

Tangu uondoke nataka kukuandikia, mkono unakataa. Wa kushoto umevimba, na wa kulia umekuwa mvivu kwa kumwonea mwenzake huruma.

Asante kwa kutangulia mlangoni. Yule wa mapokezi bado ananiuliza, "Yule wifi yako mgonjwa anaendeleaje?" Namjibu, "Hajambo, ni magoti tu."

Asante kwa gauni, kwa kulifumua lote na kulishona upya. Binti alipopiga picha na joho lake alinishika mkono huu uliovimba, nikavumilia. Hajui ulivyouma. Kwenye picha natabasamu.

Majibu yote yamerudi sasa. Walipokata kile kinyama cha kupeleka maabara ulikuwepo. Picha za baadaye hukuwepo. Kimetembea, wifi. Kwapani, mifupa ya mgongo, ini. Daktari ni kijana mpole, anashika kalamu kama anaogopa kunichoma nayo. Alisema dawa zipo, zitapunguza kasi na maumivu. Kukiondoa chote, hapana. Nikamwuliza, je, kingekuwa bado kunde? Akaangalia meza. "Mama, kingekuwa kunde tungekuwa tunaongea mengine."

Nilimwuliza na ya pini, nisikie kwa mwenye koti jeupe. Akasema hapana, wala si sarafu tunazoficha kwenye sidiria, wala si laana ya mtu. Akauliza kama mama yangu au ndugu za mama waliwahi kuugua hivi. Nikamkumbuka mama mkubwa, aliyekufa kwa "jipu la kifuani", na hakuna aliyeruhusiwa kuliona. Akaandika. Akasema binti naye aje, asisubiri dalili.

Kaka yako yuko karakana mpaka usiku. Anachomelea. Ametengeneza mageti mawili ambayo hakuna aliyeyaagiza. Juzi akaniuliza, "Nani alijua?" Nikamwambia, hakuna. Nawe useme hivyo hivyo. Nakuomba, nisiondoke nikaiacha nyumba ina ufa.

Twiga


2 Agosti

Twiga wangu,

Umeniomba nifiche. Siku tisa nimepiga haya magoti mabovu nikimwomba Mungu ruhusa ya kukutii, sikuipata.

Nimempigia kaka. Nimemwambia yote, ile sare, pale pagumu, pamba. Nilisikia akizima mashine ya kuchomelea. Kisha akasema, "Ulikuwa na tepu mkononi." Basi. Hapo akakata simu. Tangu siku hiyo hapokei.

Usidhani nilitaka kujitua mzigo nikautwika kwako. Nilificha mara moja, na ninaona ilikotufikisha. Sikuweza mara ya pili.

Sasa dukani nampima kila mwanamke upande kwa upande, naandika vipimo viwili, na visipofanana na vya zamani nasema. Simumunyi. Wawili wamechukua vitambaa vyao wakavuka barabara kwa fundi wa pili, mmoja ananitangaza kuwa siku hizi nimegeuka mganga. Muuza mkaa naye alinitukana. "Umeacha kushona nguo, unashona maradhi!" Akanuna wiki nzima, halafu akaenda. Choroko, Twiga. Choroko kabisa. Wameitoa. Bado ana bendeji na matibabu hayajaisha, lakini kelele zake zimerudi zote, mtaa mzima unamsikia. Nilimkumbatia, nikacheka naye, kisha nikaingia nyuma ya pazia la kujaribia nguo nikalia, kwa kuwa choroko ile ilikuwa iwe yako.

Nikasirikie ukitaka. Ila niandikie.

Sindano


25 Septemba

Sindano,

Anayeandika ni binti, mimi nasema. Nimemkataza kurekebisha, walimu hawawezi kukaa na kosa.

Nilikukasirikia wiki mbili. Kisha nikachoka, hasira inataka mgongo na wangu hauna kazi tena.

Kaka yako hakukutaja. Ila jioni moja aliitoa ile sare kabatini, akafumua bitana kwa kisu chake cha kazi, akaitoa pamba. Ni ndogo, wifi. Inaenea kwenye ngumi ya mtoto mchanga. Akaishika kiganjani muda mrefu, akaitia mfukoni.

Nishonee gauni. Kitambaa chagua wewe, kiwe laini, ngozi yangu haitaki ugomvi. Mkono wa kushoto hauinuki, kwa hiyo lifunguke mbele lote, na vifungo viwe vikubwa, vya kufungwa na mtu mwingine. Vipimo amevichukua binti na ni vya kweli. Kulia kumi, kushoto kumi na mbili na nusu. Kifua thelathini na saba, maana kwingine kote nimekwisha.

Usiweke pamba popote. Nataka linikae nilivyo.

Na usishone huku unalia, uzi utavutana.

Twiga

Shangazi, sasa ni mimi, amesinzia. Hajaniruhusu kuongeza neno. Fanya haraka.


18 Novemba

Dada,

Naandika kwa sababu kwenye simu sauti inanikataa. Nimempa kondakta, kama mlivyokuwa mkifanya.

Siku ya maziko ulikaa jikoni na wanawake, nami nikakupita mlangoni kama sikukuona. Nilikuona. Kwa hiyo haya hukuyasikia kwa mtu.

Gauni lilifika Jumanne. Jumatano asubuhi tulimvisha mimi na binti. Vifungo nilifunga mimi, vidole vyangu ni vya chuma lakini vifungo ulivyochagua niliviweza. Akataka kioo. Hatuna ila kile cha kunyolea. Nikakishika, nikarudi nyuma mpaka nikagota ukuta, ili aone zaidi ya jicho moja. Alijitazama. Kushoto kulionekana, kila mtu angeona. Akasema, "Sasa Sindano anajua kazi." Alilivaa siku nne, hakukubali kuvua. Hakuna palipombana. Tumemzika nalo.

Binti ameingia mlango wa tatu. Hawakukuta kitu. Wamemfundisha namna ya vidole, na kwa ajili ya mama yake na yule bibi wa jipu wamesema asikose kurudi kila mwaka. Nilimsubiri nje kwenye benchi. Yule wa mapokezi akaniuliza, "Yule dada mwenye magoti hajambo?" Nikamwambia nitakuuliza.

Ile pamba ninayo. Iko kwenye meza ya karakana, naiona kila nikivua miwani. Wenzangu waliniuliza ni ya nini, nikawasimulia. Siku hiyo kazi ilisimama. Kila mmoja alikwenda nyumbani kumwuliza mke wake swali ambalo mimi sikuwahi kumwuliza wangu, nami nililala kando yake miaka ishirini na mitatu. Kwa hiyo nikikwambia ulikuwa na tepu, je, mimi nilikuwa na nini? Nilikuwa na mikono yote miwili.

Bado nina hasira nawe. Sijui itaisha lini, na usinibembeleze.

Mwezi wa kwanza binti anaanza kufundisha, hana nguo za kazini. Nimemwambia hapa mtaani kuna fundi. Amekataa. Anasema atapimwa na shangazi yake, na kwamba chochote utakachokiona utakisema hapo hapo, kwa sauti, mimi nikisikia.

Njoo. Ulete tepu.

Kaka yako